Henry ya risasi moja, kaliba .350 Legend: misimu minne ya dia hapa Ohio

Wakuu habari zenu. Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa naanza kupigiwa simu na vijana wetu wa hapa Columbus, Watanzania, Wakongo, hata Warundi wa kule Dayton, na swali ni lile lile, kaka nataka kuanza kuwinda dia (deer, mnyama wa huku anayefanana na swala), ninunue bunduki gani. Mwaka huu nimeona niandike yote kwa mkupuo mmoja maana ni mambo ambayo mimi nilijifunza kwa kupoteza hela na msimu mzima.

Nimekuwa nawinda na Henry Single Shot, ile ya chuma cheusi na kitako cha mti wa walnati, kaliba (yaani upana wa risasi kwa inchi) .350 Legend, huu unakuja msimu wa tano. Nilinunua iliyotumika kidogo kwa dola 430. Ni bunduki ya kukunja, inaingia risasi moja tu, ukipiga unaikunja unatoa ganda kwa vidole unaweka nyingine. Basi. Haina magazini wala kitu cha kuvuta mbele na nyuma.

Wengi nikiwaambia risasi moja wanashangaa, yaani uende porini Marekani na bunduki ya risasi moja wakati duka zima limejaa za risasi nyingi? Mimi nimekulia Handeni, babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore. Anashindilia baruti, anashindilia kitambaa, anaweka gololi, anashindilia tena, kazi yote hiyo kwa risasi moja, na akikosa basi siku imeisha kwa sababu mnyama hasubiri ushindilie upya. Nilikuwa namfuata nikiwa mdogo na kitu nilichokiona ni kwamba babu alikuwa anasogea. Yaani pale ambapo mtu mwenye bunduki ya kisasa angepiga, yeye anatambaa tena, anasubiri mnyama ageuke ubavu, ndo apige. Hiyo tabia ndo naitaka, na bunduki ya risasi moja inakulazimisha uwe nayo hata kama ulikuwa huna. Afu sisi tunaotaja jina la Mungu kabla ya kufyatua, nikiwa na risasi moja nasema bismillah nikiwa nimetulia kabisa, najua hii ndo hiyo, sio napiga mfululizo huku sijui ipi nimesema na ipi sijasema. Kwangu hilo ni jambo kubwa, sio dogo.

Sasa tuanze na kaliba kabla ya jina la kampuni, maana hapa ndo watu wanaumia. Ohio ni tambarare sehemu kubwa, mashamba na nyumba zimesogeleana, kwa hiyo kwa miaka mingi kuwinda dia kwa bunduki ilikuwa shotgani tu pamoja na zile za kushindilia na bastola. Tangu 2014 wameruhusu raifo lakini za risasi zenye ganda lililonyooka, upana kuanzia .357 mpaka .50. Ganda lililonyooka maana yake halina shingo, limekwenda moja kwa moja kama chupa ya dawa ya vidonge, tofauti na zile zinazobanwa juu kama chupa ya soda. Zenye shingo zinarusha risasi mbali sana, na huku hawataki risasi yako iliyokosa ikatue kwenye banda la ng'ombe la mtu wa tatu. Kwa hiyo .243, .308, .30-30, zote hizo ni nzuri sana lakini kwa dia hapa Ohio haziruhusiwi kabisa.

Kuna ndugu yangu mmoja Mkongo, mtu mzima mwenye akili zake, aliingia duka moja nje kidogo ya mji akasema nataka raifo ya risasi moja ya kuwindia dia. Muuzaji akampa .243 akalipa akaondoka anafurahi. Hakuna aliyemuuliza unawinda jimbo gani. Alikuja kunionyesha wiki moja kabla ya msimu, bunduki safi kabisa inang'aa, nikaangalia mtutu nikasoma kaliba nikakaa kimya kwanza maana sikujua nianzie wapi. Duka lilikataa kurudisha. Msimu ule alikaa nyumbani. Mpaka leo nikikumbuka naumia kwa niaba yake, muuzaji wa bunduki anayejua anachouza alitakiwa kuuliza swali moja tu. Kwa hiyo nyie ulizeni wenyewe, na kila mwaka someni kitabu cha sheria cha Idara ya Maliasili ya Ohio, ni bure. Ukihamia Kentucky au Pennsylvania sheria ni nyingine kabisa. Kule Mississippi wana msimu maalum ambao bunduki ya risasi moja yenye nyundo ya nje (kile chuma cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke) inaruhusiwa, kaliba .35 kwenda juu, ndo maana huko utakuta kila nyumba inayo moja ya .35 Whelen au .45-70. Kila jimbo na lake.

Ndani ya zile zinazoruhusiwa huku, za kufikiria ni nne hivi. .44 Magnum ni ya tangu 1955, inatosha kwa karibu, yadi 100 hivi, na kama tayari una bastola ya hiyo risasi unabaki na aina moja ya risasi ndani ya nyumba. .45-70 ni mzee wao, ya mwaka 1873 ya jeshi la Marekani, 45 ni upana na 70 ni grein (kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi walizokuwa wanaweka. Inaangusha chochote lakini inapiga bega, na kwenye bunduki ya paundi saba ya kukunja ukiweka zile risasi kali za kisasa utalijua jiji. .450 Bushmaster nayo ni kali na inalipa bega lako vile vile. Halafu .350 Legend, jina ni .350 lakini risasi yenyewe ina upana wa .357 kwa hiyo inaruhusiwa, Winchester waliitoa 2019, ikawa kama imetengenezwa kwa ajili ya majimbo kama haya yetu. Risasi ya grein 150 inatoka na spidi ya kama futi 2,300 kwa sekunde, dia wa yadi 150 hana pa kwenda, na bega halilalamiki. Mimi nasema kwa mtu anayeanza achukue .350 Legend. Kuna wanaume watakucheka kwamba ni ya watoto. Waache. Mtu anayeogopa teke la bunduki yake anafumba macho na kuivuta triga kwa nguvu, na anayefumba macho anajeruhi mnyama, na mnyama aliyejeruhiwa akaenda kufia kichakani bila kupatikana ni dhambi, nasema hivyo bila kuzunguka.

Sasa Henry yenyewe. Juu kuna kiwiko kidogo, ukikisukuma kulia au kushoto inafunguka, kwa hiyo hata mtumia kushoto yuko sawa. Nyundo iko nje unaiona kwa macho. Ukiwa umeinua nyundo bunduki haifunguki, na ikiwa wazi nyundo ikainuliwa haifungi. Ukiachia nyundo inarudi nyuma kidogo yenyewe haibaki imegusa pini. Hakuna sefti ya kubonyeza, sefti ni nyundo pamoja na akili yako. Wengine hawapendi hilo, mimi napenda kwa sababu ukimwangalia mwenzako kwa mbali unajua bunduki yake iko hali gani, nyundo juu au chini, imekunjwa au imefungwa. Tukifika kwenye senyenge wote tunazikunja, tunatoa risasi, mtutu unaning'inia wazi kila mtu anaona mwanga unapita, ndo tunavuka. Na bunduki nyingine nyingi unabaki kumwamini mtu kwa mdomo.

Sehemu ya kuheshimu ni hapa. Umeinua nyundo, dia amegeuka ameondoka, sasa inabidi uishushe nyundo taratibu juu ya risasi nzima, na hii inatokea asubuhi na mapema mwezi wa kumi na mbili vidole vimeganda na umevaa glovu nene. Kidole gumba kikiteleza risasi imetoka. Kwa hiyo mtutu uelekee ardhini kwenye udongo mbali na miguu yako na ya mwenzako, vua glovu, shika nyundo vizuri ndo uguse triga. Fanyeni zoezi hilo nyumbani bunduki ikiwa tupu, mara mia, sio mara tatu. Na ukifunga skopu (darubini ya kulengea) nafasi ya kidole juu ya nyundo inakuwa finyu, nunua kile kijiti cha pembeni kinachofungwa kwenye nyundo, ni dola chache na ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Kwenye skopu ndo nilipoteza msimu wangu wa kwanza. Hizi za kukunja, reli ya skopu inafungwa juu ya mtutu, sio juu ya bodi (ule mwili wa chuma wenye nyundo na triga), kwa hiyo skopu inakaa mbele zaidi kuliko bunduki za kawaida. Duka niliponunua skopu, na sitalitaja, waliniuzia fupi ambayo inataka jicho liwe karibu, wakanifungia wenyewe wakasema tayari. Nikifika uwanja wa shabaha nikiweka shavu kwenye kitako naona duara jeusi tu, inabidi ninyoshe shingo kama twiga. Kibaya zaidi skrubu za reli hazikukazwa ipasavyo, nikawa nalenga inapiga kushoto, narekebisha, inapiga juu, narekebisha, nimemaliza maboksi matatu ya risasi nikidhani mimi ndo sijui kulenga. Nilikata tamaa kweli. Mzee mmoja pale uwanjani, Mmarekani wa kijijini, akaja akaishika skopu kwa mkono akaitikisa, ikacheza. Akanipa bisibisi yake. Kwa hiyo ukinunua hii, chukua reli inayoingia sawa kwenye matundu ya mtutu wako, na skopu inayoruhusu jicho likae inchi nne hivi nyuma, na skrubu ukaze mwenyewe. Au usiweke skopu kabisa, Henry inakuja na vilenga vya chuma, cha mbele kina shanga ya shaba, na porini kwetu mara nyingi dia anapita yadi 50. Msimu wa kwanza ningeenda na vile vilenga ningekuwa nimekula nyama.

Kingine cha uwanjani, mkilenga msilaze mtutu juu ya mfuko wa mchanga. Kile kimbao cha mbele kimefungwa kwenye mtutu kwa skrubu, ukikigandamiza kwa namna tofauti kila mara na risasi nazo zinatua tofauti. Weka mfuko karibu na bodi, pale mbele ya triga, shika vile vile kila mara. Na uache mtutu upoe. Mimi napiga tatu nasubiri dakika kumi, nazo tatu zinakaa ndani ya inchi mbili kwa yadi 100. Kwa nyama hiyo inazidi mahitaji.

Ganda halirushwi nje, linanyanyuliwa tu kidogo unalitoa kwa vidole. Nikiwa nimezoea, na risasi tatu nimezichomeka kwenye mfuko wa kitambaa uliovaa kitako, ya pili iko tayari ndani ya sekunde tano au sita. Katika misimu minne nimechukua dia watano na ya pili nimeihitaji mara moja. Lakini ukishapiga, pakia nyingine hapo hapo kabla hujasogea, hata kama unamwona amelala. Unamwendea kwa nyuma, unagusa jicho kwa kijiti kirefu, na kama bado ana uhai kwetu sisi kisu kinafanya kazi yake.

Watu wananiuliza na hizi nyingine. CVA Scout ni ya kukunja pia, kiwiko cha kufungulia kipo pale kwenye kinga ya triga, kitako cha plastiki ngumu hakiogopi mvua, na ni nyepesi kuliko Henry. Jirani yangu anayo na nimeipiga, triga yake nimeipenda kuliko ya kwangu, nasema ukweli. Ila mikononi ni kama nimeshika fagio, haina uzito wa kutulia. Ukiwa mtu wa kutembea milima ya kusini mashariki kule Wayne National Forest chukua hiyo, ukiwa mtu wa kukaa kwenye kiti juu ya mti chukua Henry.

H&R Handi-Rifle hawatengenezi tena tangu 2015, lakini zilizotumika zimejaa, na wazee wanazipenda. Ukiikuta ikague hivi: ifunge, shika kitako mkono mmoja na mtutu mkono mwingine, jaribu kuitikisa. Ikicheza hata kidogo irudishe mezani. Angalia pia namba kwenye bodi, za raifo ni SB2, za SB1 ni za shotgani, na mtu akikuambia mtutu wa raifo unaingia tu kwenye bodi ya shotgani kwa sababu umeingia, kimbia, kuingia sio kuhimili. Thompson/Center Encore ni kwa mtu anayetaka bodi moja na mitutu mingi, leo .350, kesho shotgani ya bata. Nzuri, lakini ukianza kununua mitutu hutaacha.

Halafu kuna Ruger No. 1. Hii sio ya kukunja, ina kiwiko chini, ukikisukuma kitalu cha chuma kinashuka unaona ndani ya mtutu moja kwa moja. Walianza kuitengeneza 1967 na umbo lake limetoka kwenye zile Farquharson za Uskoti za 1872. Wa kwetu wasikie hili: Selous, yule mwindaji ambaye pori letu kubwa la kusini lilibeba jina lake, aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917 na kaburi lake liko hapo hapo, kwenye uwindaji wake alikuwa anatumia Farquharson ya risasi moja. Kwa tembo. Kwa hiyo usione aibu na risasi moja kwa swala. Niliwahi kuishika No. 1 kwenye maonyesho ya bunduki, niliifungua na kuifunga kama mara ishirini mpaka mwenye meza akaanza kuniangalia. Ni nzuri kuliko zote nilizotaja na bei yake ni mara tatu ya ile niliyolipa. Sina, na natamani.

Makaratasi nisiyasahau. Ukiwa na grin kadi unaruhusiwa kununua, unajaza fomu 4473 unaweka namba yako ya uhamiaji, wanakukagua, mimi ilichukua siku mbili kujibiwa kabla sijawa raia. Wenye viza za muda kama za masomo sheria yao ni nyingine, msiguse chochote kabla hamjaongea na mwanasheria. Na usimnunulie mwenzako asiyeruhusiwa kwa jina lako, kudanganya kwenye ile fomu ni kosa la serikali kuu, grin kadi inaondoka na wewe unaondoka. Mafunzo ya uwindaji lazima kabla ya leseni ya kwanza ya kawaida, isipokuwa ile ya kujifunzia. Shamba la mtu lazima kibali cha maandishi, mkono na kauli havitoshi. Na ile fulana ya rangi ya chungwa inayowaka unavaa juu ya koti, sio ndani.

Mwanangu wa kike ana miaka 13, ameshamaliza mafunzo, na mwaka jana kwenye ile wikiendi ya watoto mwezi wa kumi na moja alikaa na hii Henry mapajani kwa saa tatu, mimi nimekaa pembeni mikono mitupu kama sheria inavyotaka. Alitokea jike likasimama yadi 60, akainua nyundo, akaangalia sana, akaishusha. Vidole vyake havikutetemeka. Nikamuuliza mbona hukupiga, akasema baba lilikuwa limenitazama mbele, halijageuka ubavu. Kitako cha inchi 14 ni kirefu kwake, anajinyoosha, kwa hiyo natafuta ile ya vijana yenye inchi 13, kaliba yoyote iliyonyooka isipokuwa .45-70, mwenye nayo anayeuza hapa karibu na Columbus aniambie kabla ya Jumatatu ile inayofuata Thanksgiving, msimu wa bunduki unapoanza.